Mfuko wa Kushoto

Asubuhi ya mazishi, baba mkubwa alisimama katikati ya sebule, miwani imemshuka puani, akawasomea wenzake wasifu wa mama yake kabla ya kwenda kuusoma makaburini. Alitaka kujua kama kuna mahali amekosea. Hakukosea popote. Marehemu aliolewa akiwa msichana mbichi na koplo wa jeshi. Marehemu alihama na mumewe kota hadi kota, kila moja akiikuta na kunguni na kuiacha inang'aa. Marehemu aliamka kabla ya tarumbeta. Marehemu hakuwahi kumtoa mumewe kwenda gwarideni na shati lenye kunyanzi, awe mzima, awe mgonjwa, awe na mimba ya miezi tisa.

"Hapo kwenye mimba papigwe mstari," msomaji akajiambia, akapapiga mstari kweli.

Ukisikia marehemu anasifiwa kwa kufua, kupika na kunyoosha nguo, ujue hapo haombolezwi mtu, inatangazwa nafasi ya kazi. Kila sifa ilipotajwa, macho yaliondoka kwenye karatasi yakamwendea Kiroboto, aliyekuwa ameketi sakafuni karibu na mlango na sinia la vikombe mapajani. Naye aliyasikia macho hayo shingoni, akaendelea kupanga vikombe ambavyo vilikwisha kupangika.

Kiroboto alikuwa mjukuu. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, kwa sababu alipoletwa nyumba ile akiwa mdogo, baba kafa na mama kaolewa kwingine, hakutulia mahali pamoja hata wakati wa kula. Shangazi yake ndiye hakulipenda. "Haya, fugeni viroboto ndani," alikuwa akisema. "Siku moja mtakumbuka kwamba kikulacho ki nguoni mwako." Bibi alicheka. Bibi alikuwa akicheka kila kitu, na Kiroboto alimpenda kwa hilo kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote duniani.

Sasa bibi hakuwepo, na Jumatatu Kiroboto alitakiwa kuripoti kazini. Alikuwa amepata nafasi katika chumba cha kufulia cha hospitali moja kubwa, mji wa mbali, kazi ya mashine na mashuka. Wengine wangeiona ni kazi ya kubeza. Kwake kilikuwa kitu cha kwanza kupatikana kwa jina lake mwenyewe. Bibi alipoambiwa, akiwa kitandani anahema kwa shida, alipiga kofi moja dhaifu la furaha. "Nenda kafue mashuka ya wagonjwa," alisema. "Mgonjwa hakagui."

Maana katika nyumba ile kulikuwa na ukaguzi. Babu alistaafu akiwa sajini, na watu wote, watoto wake wa kuwazaa wakiwemo, walimwita Afande. Usidhani alikuwa mtu wa makelele. Hakuwahi kupaza sauti nyumbani kwake. Alizungumza kwa upole, kama daktari anayekwambia sindano haiumi. Alikuwa na kikombe cha bati alichokigonga kwenye mkono wa kiti. Mara moja, maji. Mara mbili, chai. Mara tatu, njoo mwenyewe nikuone. Na kila asubuhi bibi alimpelekea shati limenyooka kwenye henga ya kutundikia nguo, akasimama mbele yake, naye akapitisha kidole gumba juu ya mistari ya pasi: mgongoni, mikononi, akamalizia mifukoni. Likiwa sawa alisema, "Endelea." Lisipokuwa sawa aliliachia likaanguka sakafuni bila neno, na bibi akaanza upya, maji, wanga, mkaa. Jeshi likamstaafisha. Wakahamia kwenye nyumba yao wenyewe, hakuna gwaride wala tarumbeta, kazi yake ni kukaa barazani kutazama kuku wa jirani. Shati likaendelea kukaguliwa.

Na bibi alikuwa na kovu. Lilikuwa upande wa ndani wa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, umbo la ncha ya pasi, ile ile alama inayoshonwa begani kwa koplo. Kule kota, wake wa askari walipogombea nani atangulie kukinga maji bombani, wa sajini mbele ya wa koplo na wa koplo mbele ya wa kuruta, bibi alikunja mkono wa gauni lake akawaonyesha. "Cheo changu hiki hapa," aliwaambia, "na wala hakivuliwi siku ya kustaafu!" Bomba zima likaangua kicheko, hata wake wa wakubwa. Alipendwa kota zote kwa maneno kama hayo. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini nani atawakumbuka wahenga mbele ya mwanamke anayechekesha hivyo?

Miezi yake ya mwisho, mkono ulipomwishia nguvu, bibi alifanya jambo la ajabu. Alijifungia na Kiroboto katika chumba cha nyuma, yeye akajilaza kitandani, mjukuu akapiga pasi. Alimfundisha kila kitu kwa kunong'ona: namna ya kunyunyiza maji kwa vidole, namna ya kuisogeza pasi ya mkaa karibu na shavu ili ngozi iseme kama moto unatosha, kisha kunyoosha mgongo wa shati kabla ya kifua. Shati likiisha, bibi alijikokota, akalishika yeye, akalipeleka yeye barazani. "Endelea," Afande akasema. Akadhani anamwambia mkewe.

"Kwa nini asijue ni mimi?" Kiroboto aliuliza siku moja.

"Akijua ni wewe, umeolewa."

Siku chache kabla ya kufa alimshika mjukuu wake kwa kucha. "Nikifa watakupa gwanda lake la sherehe uliandae kwa mazishi yangu. Liunguze."

Kiroboto alicheka, akidhani ni mzaha mwingine.

"Leo sichekeshi. Nyoosha lote vizuri, wasiseme ulikuwa hujui pasi inashikwaje. Halafu mfuko wa kushoto, pale zinapobandikwa medali, weka pasi uiache mpaka unuse. Watakuita mpumbavu. Waache. Mpumbavu hupata usingizi wake."

"Na yeye atanifanya nini, bibi?"

Bibi alitazama dirishani. "Mkono wake siku hizi unatetemeka hata kwenye kijiko," alisema.

Basi, turudi sebuleni. Wasifu ulipokwisha kusomwa, baba mkubwa aliikunja karatasi na kukohoa kile kikohozi cha mtu anayeingia kwenye jambo lenyewe. Afande hawezi kuachwa peke yake. Yeye baba mkubwa ana mke na kazi, na mkewe na Afande hawaivi chungu kimoja. Je, ndugu zangu?

Ndugu wenyewe alikuwa mmoja, shangazi, binti mdogo wa Afande, aliyerudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika na hakupata pa kwenda tena. Shangazi alijulikana ukoo mzima kwa jambo moja: pasi hawezi. Alipokuwa msichana aliwahi kuunguza shati la baba yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemkabidhi pasi. Akipewa hata kitambaa cha meza aliinua mikono juu akisema, jamani mnataka nyumba iungue?

"Mimi na pasi mnatujua," alisema sasa. "Lakini Kiroboto ana mkono wa mama. Nimemwona dirishani miezi yote hii. Yeye anapiga pasi, mama kajilaza, halafu mama anakwenda kujisifia nje."

Kiroboto alihisi sinia limekuwa zito. Alimtazama shangazi yake, na shangazi akawa anakung'uta uzi usiokuwepo kwenye gauni lake jeusi.

Afande, aliyekuwa ameinamia fimbo yake muda wote, aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Mzee alikuwa amelia kweli tangu usiku, hilo tusimnyime. "Kumbe," alisema kwa upole. "Mpe gwanda."

Gwanda lilitolewa sandukuni likinuka vidonge vya kufukuzia wadudu. Kiroboto alilipeleka chumba cha nyuma, akawasha mkaa, akapepea, akaweka wanga kwenye bakuli. Kitanda cha bibi kilikuwa wazi, godoro limeviringishwa. Alianza mgongoni. Alikuwa ameazimia kuliharakisha tu na kuliunguza, lakini mikono haikukubali. Nje watu walikuwa wanamwaga sifa za bibi, sifa za bure, na hapa ndani ilikuwa imebaki kazi moja ya bibi iliyokuwa bado moto, na yeye ndiye aliyeishika. Alinyoosha kola mpaka ikasimama. Alivuta mstari wa mkono kutoka begani hadi kwenye kifungo bila kurudia. Machozi yalimdondoka yakachemka chini ya pasi, akayanyoosha pamoja na kitambaa. Halikuwahi kutoka gwanda zuri kama lile katika nyumba ile, na alijisikia fahari, fahari ya kijinga kabisa.

Kisha akaweka pasi juu ya mfuko wa kushoto, akauma midomo, akaiacha mpaka aliponusa.

Alilipeleka sebuleni kwenye henga, akasimama mbele ya Afande kama bibi alivyokuwa akisimama. Shangazi aliona doa la kahawia kabla ya wengine, akavuta pumzi. Afande alipitisha gumba mgongoni, akapitisha mikononi, bila haraka, akafika mfukoni. Gumba likasimama juu ya alama ya ncha ya pasi.

"Nimeliunguza, Babu," Kiroboto alisema. "Samahani. Mimi pasi siiwezi."

Afande hakuliachia gwanda lianguke. Alitabasamu, na machozi yakamjaa upya.

"Mfuko wa kushoto," alisema. "Bibi yako naye la kwanza aliliunguza hapo hapo. Wiki ya kwanza ya ndoa. Akaniambia maneno hayo hayo, pasi siiwezi." Akafuta jicho kwa nyuma ya mkono. "Nikamshika mkono, nikamwekea ile pasi. Mara moja tu, taratibu. Hakurudia tena. Tukaishi maisha yetu yote kwa amani, hakuna hata siku moja tuliyogombana. Mke mwema sana yule."

Alisimulia kwa mapenzi kama mzee anayesimulia siku aliyopeleka posa. Hakuwa anatisha mtu. Kiroboto alitazama mkono wake mwenyewe wa kushoto, chini ya kiwiko, pale pasipokuwa na kitu, akakumbuka kovu la bibi. Kicheko chote kile cha bombani.

"Wewe sitakufanya hivyo," Afande alimwambia, akimpiga bega kwa kumtuliza. "Mimi ni mzee sasa, na wewe mistari yako imenyooka, unachohitaji ni mtu wa kukuangalia. Utajifunza. Tuna muda."

Baba mkubwa, ambaye hajawahi kusikia jambo akaliacha bila kulitia chumvi, alicheka. "Huu ukoo una mkosi na mfuko wa kushoto! Si hata huyu hapa," akamnyooshea kidole dada yake, "siku ile si mfuko wa kushoto vilevile?"

Shangazi hakucheka. Alimtazama Kiroboto mara moja, haraka, na katika mtazamo ule Kiroboto alijua. Bibi alikuwa ameitoa dawa ile mara mbili. Kwanza alimpa bintiye, ikamponya, na shangazi akakaa miaka yote hiyo akiigiza mkono usiojua pasi. Kisha akampa mjukuu, akisahau kwamba hila ikishatumika mlango ule, mlango umeshaijua. Au hakusahau. Huenda hakuwa na nyingine.

Afande alivaa gwanda lile lile. Medali zikafunika doa.

Makaburini baba mkubwa alisoma wasifu wote, na mstari wa mimba ulipofika akina mama waliguna kwa heshima. Wake wa askari wastaafu walikuwa wamejipanga kwenye viti vya mbele kwa vyeo vya waume zao, wengine waume wenyewe wameshazikwa zamani. Mwishoni msomaji akaongeza kile kichekesho cha cheo kisichovuliwa, na umati mzima ukacheka, huku wanalia. Afande naye alicheka, mabega yanatikisika, medali zinagongana juu ya mfuko ulioungua. Kiroboto alitaka kupiga kelele. Hakupiga. Alirusha udongo kama wengine.

Jioni haijaingia, wageni wamepungua, familia ilikuwa imerudi sebuleni. Baba mkubwa alitangaza uamuzi, ingawa hakuna aliyekuwa ameona kikao. Kiroboto atabaki. Ile hospitali ataipigia simu baba mkubwa mwenyewe kesho, awaeleze kwamba kuna msiba na wamtafute mtu mwingine. Shangazi akasema ndiyo, ni vizuri, damu ni damu, na marehemu huko aliko atafurahi.

Kikombe kiligongwa mara mbili. Wote wakamtazama Kiroboto. Aliinuka kabla hajafikiri, na alipojikuta ameshika birika, ndipo alipoogopa kweli. Miguu ilikuwa imemtii mzee bila kumwuliza yeye.

Aliweka chai mbele ya Afande. Hakuondoka.

"Babu, shangazi alifundishwa pasi na nani?"

"Na bibi yako. Hakushika."

"Alishika."

"Kiroboto," shangazi alisema.

"Aliunguza mfuko wa kushoto, na mimi nimeunguza mfuko wa kushoto," Kiroboto aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole mpaka yeye mwenyewe aliishangaa. "Mimi niliambiwa na bibi niunguze pale ili niachwe niende zangu. Yeye unadhani aliambiwa na nani?"

"Muongo huyu! Baba, msikilize mtoto asiye na haya, mama hata udongo haujakauka—"

"Mpe pasi," Afande alisema, akimtazama binti yake.

Mkaa ulikuwa bado na uhai. Baba mkubwa, ambaye sasa alikuwa hajui aangalie wapi, aliutia pumzi mwenyewe. Meza ikafutwa. Afande akatoa leso yake iliyolowa machozi ya siku nzima, akaitandika. Shangazi alisogea mezani, na pengine angeiunguza, pengine ndilo alilokusudia. Lakini Afande alisimama kwa fimbo yake, akaja upande wa kushoto wa binti yake, akamshika mkono chini kidogo ya kiwiko. Alimshika kwa wepesi tu, kama mtu anayemvusha mwenzake barabara.

Shangazi akainua pasi. Akaisogeza karibu na shavu lake, akasikiliza moto.

Hakuna asiyejua pasi anayefanya vile. Sebule nzima iliona, na yeye mwenyewe aliona, pasi ikiwa bado hewani. Baada ya hapo alinyoosha leso kama anayelipa deni, akaikunja mara nne, kingo juu ya kingo. Afande alipitisha gumba.

"Endelea," alisema.

Kiroboto alikwenda chumba cha nyuma kuchukua mkoba wake, uliokuwa umefungwa tangu bibi angali hai. Aliona aibu. Siri iliyowekwa na bibi kwa miaka, yeye ameitoa siku ya mazishi, kwa mtu yule yule aliyefichwa. Na chini ya aibu alikuta furaha, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa kati ya hizo mbili. Alipopita sebuleni shangazi alikuwa ameletewa mashati ya wiki nzima. Hakugeuka. "Nenda," alisema huku anavuta mstari wa kola, "lakini nawe utazaa."

Kiroboto alivuka uwanja wenye viti vilivyopinduliwa, akafika getini, mkono kwenye komeo. Nyuma yake kikombe kiligongwa kwenye mkono wa kiti: mara moja, mara mbili, mara tatu.

Miguu yake ilisimama yenyewe. Alingoja hapo, ameshika chuma, mpaka aliposikia ndara za shangazi zikikimbia sakafuni. Ndipo akafungua geti.